Mwaka Tuliomfikisha Marehemu Kwao

Walisema Nduku alikuwa mpole. Kijana aliyesoma wasifu wake kule Machakos alilitamka neno hilo mara mbili, akaongeza msikivu, akaongeza asiyependa makuu, na mimi pale kwenye kiti cha plastiki nikakohoa hadi jirani yangu akanipa maji. Mpole? Nduku huyu huyu? Msibani si mahali pa kubishana, na watoto wake walikuwa wamekaa mbele wakilia. Lakini njia nzima ya kurudi Nairobi nilikuwa nimefura. Mtu akishalala hawezi kujitetea, basi angalau sisi tuliomjua tumtetee, na mimi nilimjua tangu tukiwa darasa la saba pale mtaa wa Tena, mwaka ule wa gemu. Kwa hiyo naandika. Habari za nani alizaliwa wapi na nani alimwoa nani nawaachia wenye wasifu. Mimi nataka kusimulia sebule moja, mlango mmoja wa jikoni, na maiti mmoja aliyekuwa akienda kwao.

Sebule ilikuwa ya Mama Wafula, mwanamke wa Bungoma, mnene, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye barabara ya pili. Aliuza chapati na maharagwe kwa watu waliopita kwenda na kutoka viwandani. Mimi na Nduku tulikaa ploti moja naye, mlango kwa mlango. Mama zetu walirudi jioni, kwa hiyo tukitoka shule tulifikia kwake, tukala, tukamsaidia. Sebule hiyo naikumbuka kuliko hata ya kwetu: makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo hukuruhusiwa kuviegemea, kalenda ya kanisa, harufu ya mafuta ya kukaangia iliyokuwa imeingia mpaka kwenye mapazia, na juu ya kabati refu, televisheni. Ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Mbele ya kioo chake, Wafula, kifungua mimba wa nyumba hiyo, alikuwa ametundika kwa kamba ile plastiki ngumu ya rangi tatu ambayo nyumba nyingi zilikuwa nayo siku zile: samawati juu, nyekundu katikati, kijani chini. Ilining'inia mbele ya kioo ikaacha nafasi ya kupitisha kiganja. Msoma habari alikuwa na nywele za samawati, uso mwekundu na tai ya kijani, na hakuna aliyeshangaa. Tuliiita televisheni ya rangi na tukajivunia.

Mwaka ule binamu yake Wafula alimletea mashine ya gemu na kaseti moja tu. Kibandiko cha kaseti kilikuwa kimekwaruzwa, na maandishi yaliyobaki hayakuwa ya lugha yoyote tuliyoijua. Lakini picha zake! Ukiwasha unaona makaburi, mwezi mkubwa uliojaza nusu ya kioo, miti iliyopinda mgongo, halafu udongo unatikisika na mkono unatoka. Anainuka mtu aliyevaa suti iliyochanika, tai shingoni, kiatu kimoja. Anajipangusa vumbi. Huyo ndiye wewe. Unamtembeza kutoka kaburini, unamrusha juu ya kuta na mapaa, huku wafu wenzake wakitoa mikono ardhini kumvuta miguu arudi. Akigongwa, kichwa kinadondoka, naye anainama anakiokota, anakivaa kinyume na kuendelea na safari hivyo hivyo mpaka akumbuke kukigeuza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini mengine hayakuwa ya kuchekwa: nguo zilizopeperuka kwenye kamba za watu waliokwisha hama, madirisha yaliyozima taa moja moja alipopita, na ile tai, iliyoendelea kubembea kidogo hata baada ya yeye kusimama. Aliyeichora tai ile alikuwa amekaa chini akafikiri. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akifikiri hivyo juu ya kitu cha watoto.

Mwanzoni Mama Wafula hakutaka hata kuisikia. "Maiti wanatembea nyumbani mwangu? Mnaniitia nini?" Akachomoa waya. Akauchomoa tena kesho yake. Halafu siku moja akasimama nyuma ya vijana na mwiko wake, akatazama kwa muda mrefu, unga ukimkaukia mikononi.

"Anaenda wapi huyu?" akauliza.

"Sijui, mathe. Unaenda tu mbele," Wafula akasema.

"Hakuna mtu anaenda tu mbele. Huyu alifia Nairobi na watu wake hawakuweza kumpeleka. Ndiyo maana hatulii. Anaenda kwao."

Kila mmoja pale alikuwa na kwao, na kila mmoja alikuwa amewahi kukaa kwenye mikutano ile ya jioni ya kuchangia safari ya mwili. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema zombi. Tulimwita Marehemu, kwa heshima, na Mama Wafula akipita na sahani za watu aliuliza, "Marehemu amefika wapi?" Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia mama yake Nduku kwamba alikuwa na ndugu, Wekesa, aliyezikwa huku huku mjini kwa sababu mwaka aliokufa hakuna kilichowezekana. Alisema hayo akikata sukuma wiki. Hakuinua macho, na kisu hakikusimama. Mimi nilikuwa nikiosha vikombe, nikaviosha mara ya pili ili nisitoke.

Gemu hiyo haikulipiwa pesa. Ililipiwa maji. Mifereji yetu siku zile ilikuwa na maringo, ikitoka leo kesho haitoki, kwa hiyo kila kijana alileta mtungi, akamwaga kwenye pipa la jikoni, akapata zamu. Sasa sikia: mimi na Nduku tulichota maji ya mfereji huo huo, kwa mitungi mikubwa kuliko yao, tukamwaga kwenye pipa hilo hilo. Yetu yaliitwa kusaidia. Sisi wasichana tulipoomba zamu Wafula alicheka. "Manzi wataniharibia joistiki na hizo kucha." Nduku akamwekea vidole vyake mbele ya pua. Kucha hazikuwepo, maana alikuwa akizitafuna kila anapokasirika, na alikasirika kila siku. "Kucha gani?" akamwuliza. "Sema tu unaogopa." Huyo ndiye mpole wenu.

Nafasi yetu sisi ilikuwa mlango wa jikoni. Jikoni palikuwa juu kidogo, unapanda kidaraja kimoja, kwa hiyo tukisimama pale tukimenya viazi tuliona kioo chote juu ya vichwa vya vijana. Wao walikaa sakafuni kwenye gunia, shingo zimeinuka, kwa sababu waya wa joistiki ulikuwa mfupi na kabati lilikuwa refu. Tuliikariri gemu ile kwa macho, mwezi baada ya mwezi, bila kuigusa. Mpwa wangu aliposikia nikisimulia haya majuzi alinitafutia kwenye kompyuta, akaipata, akaniita kwa furaha nione rangi zake za kweli. Suti ni ya zambarau. Mwezi ni wa manjano. Ni nzuri, siwezi kudanganya, mtu anaweza kuitundika ukutani. Nilitazama, nikamshukuru mtoto wa watu, nikaenda kunywa chai. Marehemu wangu alikuwa na miguu ya kijani.

Na rangi hizo ndizo zilikuwa sheria. Wafula ndiye aliyezitunga na sote tulimwamini. Marehemu akiwa chini, kwenye kijani, alikuwa mbichi, hana nguvu. Akipanda, kichwa kikaingia kwenye nyekundu, ameiva: sasa aruke. Tulijua fika kwamba rangi ni za ile plastiki tuliyoipangusa vumbi wenyewe, lakini kujua ni kitu kimoja na kufikiri ni kingine, na hakuna aliyefikiri. Sheria hiyo ilifanya kazi vizuri tu mpaka mtoni. Pale Marehemu alisimama juu ya jeneza linaloelea, maji yakalipandisha taratibu, naye alitakiwa kurukia daraja lililovunjika. Akiruka mapema anadondoka. Akichelewa jeneza linapinduka. Vijana wote walisubiri aive, wakaruka, na wote walizama. Na ukizama mtoni unarudishwa kaburini mwanzo kabisa, unajipangusa vumbi upya. Marehemu alizama muhula wa kwanza wote na nusu ya wa pili. Mama Wafula akaanza kukasirika kikweli. "Vidume wazima hivi mmeshindwa kumvusha mtu mmoja mto?"

Sisi wa mlangoni tulijua wanakosea wapi. "Mnachelewa," nilisema siku moja. "Ameiva na mnamtazama tu."

"Ameiva wapi? Bado mbichi!" Wafula alisema bila kugeuka.

"Ameiva! Kichwa chekundu hicho!"

"Wee manzi, nenda ukapimwe macho."

"Kapimwe wewe!" alisema Nduku, na kiazi kikatoka mkononi mwake kikampata Wafula begani. Sitasema kilitoka kwa bahati mbaya. Mama Wafula akaja mbio, akamcharaza Nduku kwa kitambaa cha vyombo, halafu akanigeukia mimi. "Minayo, wewe unaweza kumvusha?" Nikasema naweza. "Mara moja tu," akasema. "Wafula, mpe."

Nikashuka nikakaa kwenye gunia. Joistiki ilikuwa na joto na jasho la vijana. Sijui niseme nini juu ya furaha ile. Nilibonyeza na Marehemu akatembea, na ilikuwa mimi. Nilipita makaburi, nikapita mapaa, sikuangusha kichwa hata mara moja, na nyuma yangu walianza kusogea karibu. Nikafika mtoni, nikapanda jeneza, likaanza kuinuka. Nikasubiri aive. Hakuiva. Nikasubiri. Kichwa kilipoguswa na nyekundu nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, na jeneza likapinduka kama lilivyopinduka kwao. Haki ya Mungu, vile walivyocheka. Mmoja alilala chini kabisa akishika tumbo. Nilirudi jikoni masikio yanawaka, nikachukua mtungi nikatoka, na machozi yalinitoka kabla sijafika mfereji.

Nduku alinifuata, wala si kunibembeleza. "Mbona hukuruka?" akaniuliza. "Aliiva nikamwona. Ukakaa tu."

"Hakuiva."

"Aliiva, Minayo! Nilikuwa nimesimama pale pale!"

"Na mimi nilikuwa mbele ya kioo! Unaniita mwongo?"

"Ndiyo, nakuita!"

Tulisukumana mpaka mtungi ukaanguka na wanawake wa foleni wakatufokea. Rafiki yangu wa pekee duniani alikuwa ananiita mwongo siku niliyoaibishwa, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Lakini Nduku hakuwa mtu wa kuacha jambo likae. Kesho yake, vijana wakiwa wamezama kwenye gemu, alinivuta mlangoni. "Kaa chini sakafuni, kama wao," akaninong'oneza. "Mimi nasimama. Akiiva, nifinye mguu." Marehemu akapanda jeneza. Nikasubiri, nikaona wekundu, nikamfinya. "Umechelewa," akasema. "Aliiva zamani." Tukabadilishana. Sasa mimi nikasimama, nikaona kichwa kimeiva, na mguu wangu haukufinywa mpaka jeneza lilipokuwa linapinduka. Tukatazamana. Aliyekaa chini akitazama juu aliuona wekundu mahali pengine, na aliyesimama mlangoni mahali pengine, kwa sababu ya ile nafasi kati ya plastiki na kioo. Hakuna aliyekuwa mwongo. Wafula naye, masikini, hakuwa mwongo. Miezi yote hiyo tulikuwa tukigombana juu ya mahali tulipokaa.

Mimi, kwa upumbavu wangu, nilitaka kwenda kuwaambia. Nilikuwa nimefurahi mno. Nduku akanishika mkono akanifinya tena, na safari hii kwa kukusudia. "Ukiwaambia watamvusha wao," akasema, "na sisi tutarudi kumenya viazi. Nyamaza." Akaenda akauchukua mtungi wake uliojaa, akaubeba mpaka katikati ya sebule, akautua mbele ya kioo, maji yakamwagikia gunia. Vijana wakapiga kelele. Mama Wafula akatokea.

"Nini tena?"

"Maji haya nayo yahesabiwe, Mama," Nduku akasema. Hakuondoka pale mbele ya kioo. "Tunachota kuliko wao. Tunataka zamu kama wao."

"Mwenzako si alipewa akazama?"

"Tutamvusha. Mimi nikiwa mlangoni na yeye akiwa chini, tutamvusha. Tutamfikisha kwao."

Mama Wafula akautazama ule mtungi. Nadhani ni neno hilo la mwisho lililomshika. "Haya," akasema. "Jumamosi baada ya chakula. Mkimfikisha, mtakaa kwenye hilo gunia kama watoto wengine, na maji yenu yatahesabiwa. Msipomfikisha, naweka pazia hapo mlangoni, na nisisikie tena habari ya gemu kutoka kwenu." Kitambaa cha pazia alikuwa nacho tayari, cha maua mekundu, nilikiona kimekunjwa juu ya kabati. Wiki hiyo sikula vizuri. Nilikuwa na hakika tunajua tunachokijua, na bado nilikuwa nikijiuliza tutaishije kama tukikosa hata kuangalia.

Jumamosi ilipofika sebule ilijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Nduku alipanda mlangoni na kisu na kiazi mkononi, kama siku zote. Tulipowaambia kuwa yeye ataniitia, vijana wakapinga. "Hiyo ni kuibia!" Wafula akasema. Mama yake akamuuliza, "Na nyinyi mnapopiga kelele zote hizo kila siku, ni kwaya?" Basi nikaanza. Niliharakisha mno, Marehemu akaangusha kichwa mbele ya lango la makaburi, nikasikia mtu akicheka puani, nikakiokota, nikaendelea. Nikafika mtoni. Jeneza likaanza kuinuka. Kwa macho yangu Marehemu alikuwa kijani kitupu kutoka kiatu mpaka utosini. Mbichi kabisa. Kila kitu mwilini mwangu kilisema ngoja, na nilikumbuka kile kicheko, na lile pazia.

"Sasa!" Nduku akapiga kelele.

Nikabonyeza. Marehemu akaruka, akashika ukingo wa daraja kwa mkono mmoja, mkono ukang'oka begani, akaning'inia kwa mkono uliokuwa si wake tena, akajivuta juu, akaurudishia mahali pake, akajipangusa vumbi. Sebule ilipiga yowe moja, hata Wafula, akajisahau kabisa.

Ng'ambo hiyo hakuna aliyekuwa amewahi kuiona. Mwezi haukuwepo tena. Kulikuwa na mvua nyembamba iliyochorwa mshazari, mashamba, njia ya miguu, na mbwa aliyejitokeza kwenye ua akamfuata bila kumbwekea. "Anamjua," Wafula akasema kwa sauti ya chini. Mara tatu zaidi kulikuwa na mahali pa kupandishwa na kuruka, na mara tatu Nduku alipiga kelele, nami nikaruka nikiwa naona kijani. Vijana walioniambia nikapimwe macho walikuwa wananong'ona, "Pole pole, Minayo, pole pole." Halafu ikaonekana nyumba, ndogo, na taa dirishani. Nikabonyeza, na joistiki haikumfanya kitu. Alikuwa anatembea mwenyewe. Mwanamke akatoka na taa mkononi, akamwangalia, akasogea kando apite. Akaingia. Mbwa akalala mlangoni. Taa ikazimwa, na yale maandishi tusiyoyajua yakapanda taratibu kwenye giza, ya kijani, kisha mekundu, kisha samawati.

Mama Wafula alikuwa amekaa kwenye kitambaa cha kochi, kile ambacho sisi tulikatazwa. "Amefika," akasema. "Wekesa, uwii, mwenzako amefika." Akajifunika uso kwa aproni akalia kwa sauti, mbele yetu sote, na vijana hawakujua watazame wapi. Mmoja alivua kofia. Wafula alinyoosha mkono aanzishe gemu upya, mama yake akamshika kifundo. "Mwache," akasema. "Mwache alale kwao leo." Tukakaa pale, kioo kikiwa giza, mpaka alipoinuka mwenyewe kuweka chai. Sisi wawili alituwekea vikombe vya wageni.

Jumatatu nilipotoka shule nilikuta gunia limeongezwa la pili. Vijana walisogea bila kuambiwa. Nduku alishuka kutoka jikoni, akapangusa mikono kwenye sketi ya shule, akakaa mbele kabisa, akamnyang'anya Wafula joistiki, ndiyo, alimnyang'anya, hakupewa. Baadaye kidogo Wafula akasema, kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nikuitie mimi? Niende pale mlangoni?"

"Kaa chini," Nduku akamwambia. "Minayo, panda."

Nikapanda. Nilichukua kisu na viazi vyake nikavisahau mikononi. Alipita makaburi vibaya, aliangusha kichwa mara nyingi kuliko mtu yeyote, akatukana kwa Kikamba kila mara, lakini alifika mtoni. Jeneza likaanza kuinuka. Najua alichokuwa anakiona, kijani kitupu, na najua mwili wake ulikuwa unamwambia nini. Hakugeuka. Alikaa vile, kisogo chake nikikiona, mabega yamekaza, akisubiri mimi niseme.

Nikapiga kelele iliyosikika mpaka mtaa wa Umoja.